Protini ya mama imezidi au imepungua? Chukua jumla, toa albumini, afu tuongee

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 64, yuko Korogwe. Tangu mwezi wa tatu mgongo unamuuma, usiku ndo zaidi, na anachoka mpaka kufagia uwanja hawezi. Tumepima damu, karatasi inasema protini jumla 97, albumini 29, damu 9.1, kalsiamu 2.48, kreatinini 118, ESR 120. Aliyetupa majibu akasema protini imezidi mwilini, aache maharage, nyama na maziwa. Tumerudi nyumbani, jirani anayeuza unga wa protini kaangalia karatasi hiyohiyo akasema hapana, protini imepungua, anywe unga wake na ute wa mayai mawili kila asubuhi. Wifi yangu ana mimba ya miezi saba, albumini yake 30, naye kaambiwa hana protini. Mtoto wa dada yangu ana miezi minne, jumla yake 54. Mimi nikapima nikapata jumla 74 na albumini 44. Sasa dokta hizi namba zinaenda kwa umri, kwa uanaume na uanamke, au ni ugonjwa? Na mama afanyeje, ale au asile?"

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo, karatasi moja watu wawili, huyu imezidi huyu imepungua. Mara ya pili sikucheka. Kwahiyo kabla sijaanza kueleza chochote shika hili moja, maana najua wengine husoma nusu wakaacha: hizo namba za mama zinataka daktari wiki hii. Sio mwisho wa mwezi, sio tukishavuna. Wiki hii.

Haya, tuanze na hao wawili. Wote wamesoma mstari mmoja tu wa karatasi, kila mtu mstari wake. Protini jumla ni kama gunia lenye vitu viwili ndani, kuna albumini na kuna zilizobaki zote ambazo tunaziita globulini kwa ujumla wake. Maabara nyingi zinapima jumla, zinapima albumini, afu globulini hazikuandikii, unatakiwa utoe mwenyewe. Sasa toa: 97 ukiondoa 29 unabaki na 68. Mtu mzima kwa kawaida jumla yake inacheza kati ya gramu 60 na 80 hivi kwa lita, albumini 35 mpaka 50, globulini 20 mpaka 35. Mama ana globulini 68, karibu mara mbili ya mwisho wa kawaida, na wakati huohuo albumini imeshuka. Yaani imezidi NA imepungua, ndani ya gunia moja. Ndo maana kila mtu alipata cha kusema na kila mtu akakosea.

Na wamekosea pamoja kwenye kitu kikubwa zaidi, nacho ni kudhani protini ya kwenye damu ni ile ya kwenye sahani. Hapana jamani. Maharage ukishayala tumbo linayavunjavunja mpaka yanakuwa vipande vidogo sana vya amino asidi, hivyo vipande ndo vinaingia kwenye damu, na mwili unavichukua unajengea unachotaka: misuli, nywele, homoni, albumini. Albumini inatengenezwa na ini peke yake. Globulini baadhi zinatoka ini, ila kundi kubwa lile linalopanda mpaka likatisha watu ni kingamwili, na hizo zinatengenezwa na chembe za kinga zinazokaa sana kwenye uboho wa mifupa. Hakuna maharage yanayoweza kumfikisha mtu globulini 68. Ungekula kisahani cha nyama asubuhi mchana na jioni usingefika huko, sanasana urea, ile taka ya protini iliyotumika, ingepanda kidogo.

Upande wa pili nao watu hawaamini nikiwaambia: hata njaa yenyewe haishushi albumini kirahisi. Wale mabinti wanaojinyima chakula kwa ugonjwa wa akili mpaka wanabaki mifupa, ukipima albumini yao mara nyingi unaikuta kawaida kabisa. Mwili unajibana huku na kule kuilinda. Utaniuliza mbona watoto wa kwashakoo wanavimba na albumini yao iko chini? Swali zuri. Huo ugonjwa uliandikwa kitaalamu na daktari Cicely Williams akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, miaka ya 1930, na jina alilichukua kwa kabila la Waga wa pale Accra, ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Miaka mingi ilisemwa ni upungufu wa protini basi. Siku hizi tunajua haitoshi kueleza, kuna mtoto mwingine amekonda amebaki ngozi na mifupa, hajavimba hata kidogo, na chakula chao wote wawili ni kilekile. Maambukizi, utumbo, na upungufu wa vitu vingine vina mkono wao hapo. Sasa kama hata kwashakoo sio hesabu rahisi ya protini kidogo sahani, usitegemee mama wa miaka 64 anayekula ugali na dagaa awe na albumini 29 kwa sababu ya sahani tu.

Sasa inashukaje? Ini la mtu mzima linatoa kama gramu 10 mpaka 15 za albumini kwa siku, na nusu ya iliyopo kwenye damu inaisha baada ya wiki tatu hivi. Kazi yake kubwa ni kushikilia maji yasitoke nje ya mishipa, ndo maana ikishuka sana miguu inavimba, na kazi ya pili ni kubeba mizigo, inabeba kalsiamu, dawa, mafuta, homoni (kalsiamu tutairudia, usiisahau). Ikiwa chini, mimi najiuliza kwanza kama ini limechoka kutengeneza, kama homa ya ini ya B ya muda mrefu au pombe. Najiuliza kama inavuja kwenye figo, na hapo mkojo unatoa povu, ikizidi gramu tatu na nusu kwa siku mtu anavimba uso asubuhi na kolesto inapanda. Mara chache inavuja kwenye utumbo. Inaweza kuwa imezimuliwa tu kwa sababu maji kwenye damu yameongezeka. Na sababu inayosahaulika kuliko zote wakati ndo ya kawaida kuliko zote, ni kwamba mwili uko vitani.

Hiyo ya vita ngoja nikae nayo kidogo. Mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa ndani, unatuma ujumbe kwa ini: acha mambo ya kila siku, leta silaha. Ini linapunguza albumini linatengeneza vitu vingine, kuna CRP ambayo kwa mtu mzima mwenye afya iko chini ya 5 au 10, ndani ya siku mbili inaweza kufika 200 na zaidi. Fibrinojeni ya kugandisha damu inapanda, feritini ya kutunza madini ya chuma inapanda. Na kuta za mishipa midogo zinalegea, albumini inatoka nje ya damu inaenda kukaa kwenye nyama. Kwahiyo mgonjwa wa nimonia albumini yake inaanguka ndani ya siku chache na hajakosa kula. Nilipokuwa daktari mchanga nilikuwa naandika "lishe duni" kwenye kila faili lenye albumini chini ya 30. Kuna mzee mmoja nilimwandikia mayai na maziwa mwezi mzima, na mwanae anayanunua kweli, kumbe mzee ana TB. Sijamsahau yule mzee.

Umeuliza umri. Ndiyo, umri unabadilisha, ila sio vile watu wanavyodhani.

Mtoto anazaliwa jumla yake ikiwa chini kuliko yetu, 46 mpaka 70 hivi, na kingamwili nyingi alizonazo sio zake, ni za mama, zimepita kwenye kondo la nyuma hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. (Ndo maana njiti anazaliwa akiwa na chache, hakukaa muda wa kubebeshwa mizigo yote.) Baada ya hapo za mama zinaisha taratibu na zake bado hazijashika kasi, kwahiyo kati ya miezi mitatu na sita kuna bonde, kingamwili ziko chini kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake. Mtoto wa dada yako ana miezi minne, yuko katikati ya bonde lenyewe. Jumla 54 kwa mtoto wa umri huo anayenyonya na kuongezeka uzito ni sawa kabisa, mwambie dada asinunue chochote. Zake zitapanda kadiri anavyokua, aina ile kuu inafika za mtu mzima akiwa shule ya msingi, ile ya kwenye mate na utumbo inachelewa zaidi mpaka ujana.

Uzeeni nako albumini inashuka, ila kidogo. Gramu chache tu, na ukimchukua mzee mwenye afya yake wa miaka 75 anayelima na kutembea mwenyewe kwenda msikitini, wengi utawakuta bado juu ya 35. Kwahiyo sentensi ya "ni uzee tu" kwa mtu wa miaka 64 mwenye 29 siikubali. Uzee umebebeshwa lawama nyingi sana kwenye hizi hospitali zetu. Kinachotokea uzeeni ni kwamba magonjwa yanayoshusha albumini yanakuwa mengi, hilo ni jambo tofauti.

Mwanaume na mwanamke: ukichukua vijana, wanaume albumini yao iko juu kidogo, gramu moja au mbili, na hiyo tofauti inafifia mwanamke akishakoma hedhi. Sio namba ya kumfanya mtu akose usingizi. Tofauti kubwa za jinsia ziko kwenye protini nyingine. Himoglobini, ile mnaiita "damu", nayo ni protini lakini inakaa ndani ya chembe nyekundu, sio kwenye majimaji, kwahiyo haimo kabisa kwenye ile 97. Mwanaume chini ya 13 ana upungufu, mwanamke chini ya 12, mjamzito chini ya 11. Feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, mwanamke anayepata hedhi iko chini, akikoma inapanda inaanza kumfukuzia mwanaume. Alafu kuna estrojeni, hii homoni ikiwa nyingi, iwe kwa mimba au kwa vidonge vya uzazi wa mpango, inaliambia ini litengeneze zaidi protini za kubebea homoni. Nshaona binti anaambiwa ana ugonjwa wa tezi kwa sababu homoni ya tezi jumla iko juu, kumbe mabehewa ndo yameongezeka kwa sababu anatumia vidonge, homoni iliyo huru iko palepale.

Hapo tunafika kwa wifi. Kwenye mimba maji ya damu yanaongezeka kama asilimia 40 mpaka 50, chembe nyekundu na albumini haviongezeki kwa kasi hiyo, kwahiyo kila kitu kinaonekana kimepungua, kama uji ulioongezwa maji. Unga ni uleule, sufuria imejaa zaidi. Albumini 30 kwenye mwezi wa saba ni ya kawaida kwa mjamzito, hata 28 sishtuki. Shida karatasi inaandika "L", yaani iko chini, pembeni kwa sababu mashine haijui kama yule ni mjamzito, inamlinganisha na watu ambao hawana mimba. Kwa wifi mimi nisingeangalia albumini, ningeangalia presha na mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90, au mkojo una protini, au anaumwa kichwa kisichoisha, anaona maruweruwe, uso umevimba ghafla, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo maana kifafa cha mimba hakipigi hodi. Kama hana hayo, aendelee na kliniki na vidonge vyake vya madini ya chuma, na ale vizuri kwa sababu mtoto anakua, sio kwa sababu ya namba 30.

Kabla sijarudi kwa mama, neno kidogo kuhusu hizo "kawaida" zenyewe. Viwango vya kawaida vinatengenezwa kwa kupima watu wenye afya afu wanachukua asilimia 95 ya katikati, kwahiyo mmoja kati ya ishirini mzima kabisa ataangukia nje. Na viwango vingi vinavyokuja na mashine vimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani. Miaka mingi imejulikana kwamba sisi wa nchi za malaria globulini zetu ziko juu kidogo. Kule Gambia mwaka 1961 watafiti walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima walioishi na malaria, wakawapa watoto wanaoumwa, na vimelea vikapungua, yaani hizo globulini sio takataka, ni kumbukumbu ya vita ulizopigana. Kwahiyo mkulima wa Muheza mwenye jumla 83 na globulini 39 na hana shida yoyote, mimi simfukuzi na mavipimo. Pia namna ya kutoa damu inachangia. Mpira wa mkono ukifungwa muda mrefu wakati anatafuta mshipa, protini inapanda kwa uongo, mtu aliyesimama muda mrefu anakuwa juu karibu asilimia kumi kuliko aliyelala, na aliyeharisha kakauka kila kitu kinapanda.

Ila hayo yote ukiyajumlisha, malaria, mpira, kusimama, hayakufikishi 68. Na aliyekauka maji albumini yake nayo ingepanda, sio kushuka 29.

Sasa mama. Globulini zikiwa juu kiasi hicho swali linakuwa moja: zimepanda nyingi za kila aina, au imepanda moja tu? Kuna kipimo kinaitwa elektroforesi ya protini, wanaweka damu kwenye umeme, protini zinakimbia kila moja kwa mwendo wake, afu wanachora grafu. Kama mwili unapigana na maambukizi ya muda mrefu, chembe za kinga za kila aina zinafanya kazi, na kwenye grafu unaona kilima kipana kama Usambara ukiitazama kutoka hapo Korogwe, kimetanda. Hicho kinatokea kwenye VVU, TB, ini lililosinyaa, bandama kubwa ya malaria, magonjwa ya mwili kujishambulia wenyewe kama lupasi. Lakini kama chembe moja imeasi ikazaliana yenyewe maelfu kwa maelfu, zote zinatoa protini ileile moja, na grafu inaonyesha mnara mwembamba uliosimama peke yake, kama mnara wa simu. Mnara ndo unatufanya tufikirie saratani ya uboho inayoitwa maieloma.

Sio kila mnara ni saratani, usikimbie hapo. Kuna watu wana mnara mdogo na hawaumwi kitu, karibu watatu katika kila mia wenye zaidi ya miaka 50, kwa watu weusi hali hiyo ni ya mara nyingi zaidi kuliko kwa Wazungu, kwa wanaume zaidi kuliko wanawake, na inaongezeka na umri. Hao tunawafuatilia tu, kila mwaka kama mmoja katika mia ndo anageuka kuwa mgonjwa kweli.

Mama lakini sio mnara mdogo usio na dalili, kama ni mnara. Ana maumivu ya mgongo ya miezi, ya usiku. Damu 9.1, hiyo imeshuka. Kreatinini, ile taka inayotolewa na figo, 118 kwa mama wa umri huo inaniambia figo zimeanza kulemewa. ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama chini ya kichupa, ni 120, chembe zinagandana kama sarafu zilizopangwa kwa sababu damu imejaa protini. Na ile kalsiamu niliyokwambia usisahau. Karatasi inasema 2.48, hakuna alama yoyote pembeni, mtu anaona iko sawa anapita. Ila karibu nusu ya kalsiamu ya damu inabebwa na albumini, na mbebaji kapungua, kwahiyo namba inasoma chini kuliko hali halisi. Tunarekebisha hivi: kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 40, unaongeza 0.02. Mama amepungukiwa 11, unapata 0.22, jumla 2.70. Mwisho wa kawaida ni 2.55 mpaka 2.60. Yaani kalsiamu ya mama inawezekana iko juu na karatasi imeificha. Hapa ndo niliacha kucheka.

Kwa haki, kuna mshindani mkubwa kwenye nchi yetu hii, nao ni TB ya uti wa mgongo. Nayo inauma mgongo miezi, inachosha, inashusha damu na albumini, inapandisha ESR na globulini. VVU nayo lazima ipimwe, bila aibu, miaka 64 sio kinga. Mimi siwezi kukwambia kutoka hapa ni lipi, na mtu yeyote atakayekwambia kwa karatasi peke yake anakudanganya. Kalsiamu na figo vinanivuta kwenye maieloma, ila nimeshakosea huko nyuma kwa kuvutwa.

Cha kufanya. Mpelekeni Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, sio duka la dawa, kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na mwende na karatasi zote hata za zamani, maana albumini ya miaka miwili iliyopita ikiwa 42 ni habari kubwa. Aombwe elektroforesi ya damu, na ya mkojo pia. Mkojo ni muhimu kwa sababu kile kijiti cha kuchovya kinaona zaidi albumini, vipande vya kingamwili vinavyotolewa na maieloma kinaweza kisivione, kikasema mkojo safi. Hivyo vipande vina historia, mwaka 1845 huko London daktari Henry Bence Jones alitumiwa mkojo wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anateswa na maumivu ya mifupa, ukichemshwa unafanya vituko, protini inayeyuka ikichemka, ikipoa inarudi kuganda, na mpaka leo protini hiyo ina jina lake. Pia apigwe picha ya mgongo, apime VVU, homa ya ini, makohozi kama anakohoa, na kalsiamu na kreatinini zirudiwe. Elektroforesi haipo kila mahali, wakisema hawana waulizeni kama sampuli inaweza kutumwa au apewe rufaa hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Ikionekana mnara watataka kuchukua uboho kidogo kwenye nyonga, inauma kwa muda mfupi, asiogope. Na hata ikiwa maieloma, ni ugonjwa unaotibika kwa maana ya kusukumwa nyuma, watu wanaishi nao miaka, wanarudi shambani, kuiondoa moja kwa moja ndo bado ni ngumu. TB ndo unapona kabisa ukimaliza dozi.

Wakati mnasubiri, chakula ale kama kawaida, maharage, dagaa, yai, maziwa, mboga, asiache na asijilazimishe. Kumnyima protini mtu anayeumwa hivi ni kumwongezea ugonjwa. Unga wa jirani sio sumu, ila kwa figo za 118 sioni kazi yake, na bei ya kopo moja inaweza kuwa nauli ya kwenda Tanga. Anywe maji ya kutosha, kama hajaambiwa ana moyo mkubwa na havimbi. Na hili nisisitize kwa herufi zote: ASIPEWE diklofenaki wala ibuprofeni wala zile sindano za mgongo za kwenye duka la dawa. Kama ni maieloma figo zake zinaweza kufa kwa wiki moja ya hizo dawa. Parasetamo ndiyo, kwa kipimo. Na asikandwe mgongo wala asinyooshwe na mtu yeyote hata awe fundi kiasi gani, mifupa iliyoliwa inavunjika kwa kubonyezwa.

Siku mama akisema miguu imekuwa mizito, au ina ganzi, au anashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo haupiti, msingojee miadi, siku hiyohiyo hata kama ni usiku, uti wa mgongo ukibanwa unahesabiwa masaa. Vilevile akianza kuchanganyikiwa, kiu isiyoisha, kutapika na kufunga choo, hiyo ni kalsiamu. Au homa kali, maana globulini zake ni nyingi lakini kama ni za aina moja hazimlindi, ni kama jeshi zima linaangalia mlango mmoja.

Zako wewe, 74 ukitoa 44 unabaki 30. Huna kitu, endelea na kazi zako.

Mkifika mbele ya daktari na foleni ni ndefu na ana dakika tano tu, usianze na maharage wala unga. Mwambie hivi: "Mama ana miaka 64, mgongo unamuuma miezi, hasa usiku, globulini yake ni 68, damu 9.1, kreatinini 118, na kalsiamu ukirekebisha kwa albumini ni 2.70." Afu nyamaza. Ataacha kuandika atakuangalia.